Cyril wa Mita na Peni ya Bi Ada

Mtaani kwetu Burnley, kaskazini mwa Uingereza, mtu wa mita alipobisha hodi, mwanamke mwenye nyumba alifuta meza ya jikoni kisha akakaa mahali ambapo angeiona vizuri mikono yake. Nani alianza tabia hiyo sijui. Ninachojua ni kwamba tangu Cyril Ormerod aanze kuja na kile kioo chake cha kukuzia, hakuna aliyemwacha peke yake na hela.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila nyumba ilikuwa na mita ya gesi chini ya ngazi. Ukitaka kupika, unatumbukiza peni, ile sarafu kubwa ya shaba. Kila baada ya miezi kadhaa Cyril anakuja, anafungua kisanduku kwa ufunguo wake, anamwaga peni mezani na kuzipanga mafungu ya peni kumi na mbili, yaani shilingi shilingi. Anachukua za kampuni, na zilizozidi bei ya gesi anamrudishia mwenye nyumba. Hizo za kurudishiwa tulizipenda kama zawadi. Wengine walishazipangia matumizi kabla hajavua kofia.

Lakini Cyril hakuhesabu kama wenzake. Kila peni nzee aliigeuza, akaisugua kwa kidole gumba, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Unatafuta chawa?" nilimuuliza siku moja.

"Natafuta maji," akajibu bila kuinua kichwa.

Akanionyesha. Nyuma ya peni zetu ameketi yule mwanamke mwenye ngao na mkuki wa meno matatu, na mgongoni kwake kuna bahari. Kwenye baadhi ya peni za mwaka 1902, mstari wa bahari uko chini zaidi kuliko kawaida, unagusa pale miguu yake inapopishana.

"Hii maji yamejaa," akasema. "Hii yamekupwa. Ninayoitaka ni ya kupwa."

Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Kwangu zote mbili zilikuwa peni chafu zenye harufu ya mita.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama kama anasikiliza ugomvi wa jirani. Aliishi na dada yake Winifred karibu na mfereji. Hakuoa. Alisema mke angemhamishia vitu vyake. Winifred mwenyewe hakuruhusiwa kufuta vumbi kwenye kabati lake, na alipouliza ufunguo uko wapi, aliambiwa umepotea, huku akiuona unaning'inia shingoni mwa kaka yake.

Cyril alikuwa na sheria yake. Hakuchukua peni ya mita kabla ya kuweka yake. Mfuko wa kulia wa koti ulijaa peni za kawaida. Akiiona anayoitaka, anatoa moja mfukoni, anaiweka kwenye fungu, anaondoa ile, na anasema kwa sauti mwenye nyumba asikie: "Moja ndani, moja nje."

"Na hiyo ya nje ikiwa na thamani kuliko ya ndani?" nilimuuliza.

"Peni ni peni, Bi Marjorie. Mita haijui tofauti."

"Mita haijui, lakini wewe unajua."

Alifunga mkoba wake akaondoka, chai yake akaiacha nusu.

Na kama sisi tulimtilia shaka, yeye aliitilia shaka dunia nzima. Kila Jumanne alikwenda kwenye chama cha wakusanya sarafu, orofani kwenye baa moja, na huko alikaa mgongo ukutani. Peni yake aliionyesha akiwa ameishika mwenyewe. Ukitaka kuiona upande wa pili, anaigeuza yeye. Aliyemwogopa zaidi ni mwanachama mwenzake Leonard Sagar, kinyozi, kwa sababu Leonard alinunua peni kwa wateja na aliuliza maswali.

"Wiki hii uko mitaa gani, Cyril?"

"Ya kule juu," Cyril alijibu, hata kama alikuwa ya huku chini.

Mambo yaliharibika mwezi Machi, mwaka 1967, nyumbani kwa Bi Ada Pickup, tuliyepakana naye ukuta. Bi Ada alikuwa mjane aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha kufuma. Mashine zile zilipiga kelele hata mtu hamsikii aliye ubavuni pake, kwa hiyo wafumaji walizoea kusemezana kwa midomo tu bila sauti. Masikio yake yaliishia kule kule kiwandani, ila macho yake yalisoma mdomo wa mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Sisi majirani tulijua. Ukitaka kumsema Bi Ada, unageuka ukutani kwanza.

Siku hiyo alikuwa amekaa na sahani yake ya pai ya viazi, anamtazama Cyril akihesabu. Mwenyewe alinisimulia. Cyril aligeuza peni moja nyeusi, yenye kichwa cha Malkia Viktoria akiwa kijana, ya mwaka 1863. Akaileta karibu na kioo. Mkono ukasimama. Akatazama dirishani, akaitazama tena. Kisha akaweka moja, akaondoa moja, akaendelea kuhesabu.

"Midomo yake haikusogea," Bi Ada aliniambia, kwa ile sauti yake ya kufokea mashine. "Miaka yote hiyo anasema moja ndani moja nje. Leo kimya! Marjorie, mtu anayenyamaza ghafla ameshika kitu."

"Labda alisahau, Bi Ada."

"Alisahau na masikio yakawa mekundu?"

Hakulala na jambo lile. Kesho yake alivaa kofia ya kwenda kanisani akaenda kwa Leonard, akasimama katikati ya wanaume waliopakwa povu, akauliza ni peni gani ya mwaka 1863 inayoweza kumnyamazisha Cyril Ormerod. Leonard akaacha wembe hewani. Akamwambia kwamba za mwaka ule ni nyingi kama mchanga, ila chache sana, ambazo karibu hakuna aliyewahi kuzishika, zina tarakimu ndogo chini ya mwaka. Hiyo ikitokea, alisema, hata yeye angesahau jina la mama yake.

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila mlango iliopita iliongezewa chumvi. Nyumba ya kwanza Cyril alikuwa amebadilisha peni. Nyumba ya tano alikuwa ameiba. Nyumba ya mwisho alikuwa anaiba tangu wakati wa vita. Wanawake wakaanza kukumbuka vitu. Mmoja alikumbuka pete.

Wiki iliyofuata Cyril aliitwa ofisi ya gesi. Kuna mtu alikuwa amelalamika. Wakamwaga mkoba wake mezani, wakahesabu, wakakuta hela zimetimia barabara, haipungui hata peni. Hawakuwa na kosa la kumpa. Wakamwambia tu aache kuchungulia hela za watu kama sonara.

Alirudi mitaani, lakini milango ilikuwa imebadilika. Hakuna aliyemwekea chai. Kwangu alihesabu haraka, bila kioo, macho kwenye kitambaa cha meza. Nilimhurumia. Hata hivyo sikubanduka pale nilipokaa.

Jumanne iliyofuata Cyril akapanda ngazi za baa na kumwendea Leonard mbele ya watu.

"Ni wewe uliyenichongea."

"Mimi?"

"Umenionea wivu siku nyingi. Unataka nifukuzwe, mitaa yangu ibaki wazi."

"Cyril, mimi ni kinyozi. Nitapewaje kazi ya mita?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimchoma zaidi. Akamwita Leonard mwizi na nyoka, akatupa kadi yake ya uanachama chini, akatoka. Walionisimulia walisema Leonard alionekana kama mtu aliyemwagiwa maji.

Aliyelalamika ofisini alikuwa Bi Ada. Na hakujificha. Cyril alipopita Jumamosi akielekea sokoni, alimsimamisha mlangoni, nami nikiwa nasugua ngazi ya mlango wangu.

"Ni mimi niliyekwenda," akasema. "Usimsumbue kinyozi wa watu. Ingia."

Cyril aliniangalia kama anayeomba shahidi. Nikaacha ndoo, nikaingia naye.

Bi Ada alikaa, akaiweka mikono mezani. "Haya, Cyril mwanangu. Toa."

Cyril akafungua koti, akafungua fulana, akachomoa mfuko mdogo wa kitambaa uliokuwa umeshonwa kwa ndani. Peni ikalala juu ya meza. Akanipa kioo. Chini ya mwaka, kweli, palikuwa na tarakimu ndogo, kama chembe ya ufuta.

"Kwa nini hukusema ile kauli yako?" Bi Ada akauliza.

"Niliogopa utaitaka."

"Ningeitaka."

"Sasa unaona!"

"Naona nini? Ungesema, ningeitaka, tungegombana, tungemalizana. Wewe umeweka peni yako ukanyamaza. Ukaniacha nikae hapa kila usiku najiuliza nilikuwa na nini ndani ya nyumba yangu."

"Ikishaingia kwenye mita ni ya kampuni," Cyril akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Na zile unazonirudishia? Ungeiweka kwenye fungu langu, nani angekukataza?"

Cyril alikuna shingo. Mwishowe akasema, "Nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu. Na peni nakaa nayo mimi."

"Hapana!"

"Basi akae nayo Marjorie."

Walinigeukia wote wawili, wakanikagua kutoka kichwani hadi viatuni, na nikaona wazi kwamba hakuna aliyeniamini. Mwisho wa yote waliiweka ndani ya kopo la haradali, wakalifunga kwa utepe, Bi Ada akatia sahihi juu ya utepe na Cyril akatia yake.

Kuituma kwa posta hawakuthubutu. Walikwenda Manchester kwa basi, kwenye duka la sarafu ambalo Cyril alilisikia kwa watu. Kopo lilikaa kati yao kwenye kiti, kila mmoja amelishika kwa mkono mmoja. Bi Ada alisema mkono wake ulikufa ganzi, na hakukubali kuubadilisha.

Mwenye duka alikuwa bwana mwenye suti safi na maneno laini. Aliitazama peni kwa kioo, akaguna, akaomba aingie nayo ndani kidogo.

Bi Ada akaifunika kwa kiganja. "Itazame hapa hapa, baba. Macho yetu hayali."

Bwana akatabasamu. Akaitazama tena, akasema lazima apige simu kwanza. Akaingia kwenye chumba chenye ukuta wa kioo, akafunga mlango. Cyril hakusikia kitu. Bi Ada alisimama ametulia, mkoba kifuani, akiutazama mdomo wa yule bwana.

Aliporudi, uso ulikuwa wa msiba. "Nasikitika. Tarakimu hii imechongwa baadaye na mtu mjanja. Lakini mmetoka mbali. Nitawapa pauni tano."

Cyril akabadilika rangi. Alikuwa tayari kuamini. Mtu aliyeshuku kila mtu Burnley alikuwa tayari kuamini suti.

"Nyanyua kopo, Cyril," Bi Ada akasema. Kisha akamgeukia bwana. "Kwenye simu umesema, 'Ni bibi kizee mmoja na mtu wa gesi, hawajui walichoshika.' Sasa umejua tunajua."

Bwana alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

Nje kulikuwa na manyunyu. Cyril alisimama kwenye kibaraza, na kitu cha kwanza kilichomtoka ni: "Bi Ada, na mimi umeshawahi kunisoma hivyo?"

"Kila siku uliyokuja."

Peni iliuzwa majira ya vuli, kwenye mnada London. Aliyewapa jina la mtu wa kuaminika huko ni Leonard, ambaye Bi Ada alimwendea mwenyewe, kwa kuwa Cyril hakuweza kuinua uso. Hela zilikuwa nzuri. Kwa nusu yake Bi Ada alinunua koti lenye manyoya shingoni, akalivaa hata akiwa anakaanga vitunguu. Pia alikwenda ofisi ya gesi akawaeleza kwamba jambo lao wameshalimaliza wenyewe. Cyril alinunua sefu ya chuma. Halafu akaanza kuogopa kwamba mwizi akiona sefu atajua kuna cha kuiba. Akaijaza magazeti, na sarafu zake akazificha kwingine. Winifred alizikuta kwenye kopo la unga siku aliyotaka kupika keki, wakanuniana mpaka Krismasi.

Mtaani mambo hayakurudi kama zamani. Wapo waliomsamehe, na wapo waliosema kwamba mtu hasamehewi kitu ambacho bado anakifanya. Maana aliendelea. Kioo kilirudi, na kauli yake ilirudi, safari hii kwa sauti hata majirani wakaisikia.

Kuhusu Leonard, Cyril alingoja mpaka mwaka mpya. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mume wangu kunyolewa. Cyril aliingia, akavua kofia, akasimama mlangoni. Miaka yote alinyolewa na dada yake, kwa mkasi wa jikoni.

"Una nafasi?" akauliza.

Leonard akakipiga kiti kwa taulo, vumbi likaruka. "Kaa."

Cyril akakaa. Leonard akamfunga kitambaa shingoni, akanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi taratibu, taratibu kuliko kawaida, nadhani kwa makusudi.

"Fumba macho, nywele zitakuingia."

"Niko sawa hivi hivi," Cyril akasema, macho wazi kwenye kioo, akiufuata ule wembe kila unapokwenda.

Lakini shingo aliiinamisha.