Niliitikia Jina la Ombati

Watu wakisikia kisa hiki huniuliza kwanza kama nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Sisi ni Wasabato, hata chai tunayoilima wenyewe hatuinywi, sembuse pombe. Wengine huniuliza kama niliota. Sasa niambie, ni nani anayeota akiwa amesimama wima mchana, mvua ya mawe ikimpiga kichwani? Mambo haya yalinipata mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, na ukitaka kuniona mwongo, nione. Mimi sikulipi ili uniamini.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa naandika mabango Kisii mjini. Bucha, kinyozi, hoteli, duka la nguo, yote hayo nimeyaandika. Herufi zangu zilikuwa zimenyooka sana. Lakini mtu hasimami barabarani kutazama herufi zilizonyooka, anasoma "Nyama" halafu anaingia kununua nyama. Mimi nilitaka mtu asimame. Nilitaka apite, arudi, aulize, "Hii ni kazi ya nani?" Tangu utotoni sijatamani kitu kingine kama hicho.

Karibu na Mosocho kulikuwa na shule ya sekondari, na hapo kulikuwa na mwalimu mmoja Mzungu, mwanamke mrefu mwenye miwani, aliyekuwa akitufundisha uchoraji Jumapili mchana bila malipo. Alikuwa na rangi ambazo hatujawahi kuziona. Akriliki. Zilikuwa kwenye tyubu, laini, unazichanganya na maji ya kawaida, na kabla hujamaliza kupiga miayo zimekauka, na zikishakauka hazitoki hata ukisugua kwa msasa. Alituambia tujaribu kila mtindo, tusiogope kuharibu, mwishowe kila mmoja mkono wake utasema wenyewe.

Nilijaribu kila kitu. Nilipaka rangi nzito kwa kisu, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Nikaipaka nyepesi yenye maji mengi mpaka ikatiririka na kuingia kwenye viatu. Nikachora kwa vitone. Nikachora kwa mistari minene kama ya mabango yangu, kila rangi ndani ya boma lake. Nikapaka tabaka juu ya tabaka mpaka picha ikawa nzito kuibeba. Kila Jumapili mwalimu alisimama nyuma yangu, akatikisa kichwa kwa upole na kusema, "Endelea." Unajua mtu akikwambia endelea kila wiki anamaanisha nini.

Katika darasa hilo alikuwemo Ombati. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kiogoro, mtu wa Nyaramba, mpole mpaka anakera. Siku ya kwanza kabisa aliposhika zile rangi aliweka brashi kando. Akachovya vidole. Akaanza kuvuta mikunjo, nusu duara juu ya nusu duara, kijani, udongo, nyeupe, na hivi tunavyomtazama, pale pakatokea vilima vya chai, na katikati ya vilima mwanamke ameinama. Mwalimu alivua miwani. Hakumwambia endelea. Aliiinua picha ile ili darasa zima tuione.

Tulipofanya maonyesho ukumbini siku ya wazazi, watu walijazana mbele ya picha za Ombati hadi wakakanyagana. Mbele ya picha zangu alisimama mzee mmoja tu. Nikamsogelea kwa furaha. Kumbe alikuwa ameegemea ukuta akitoa jiwe kwenye kiatu.

Wivu? Ndiyo, nilikuwa na wivu, na bado ninao, na sikuja hapa kuungama. Ningemwonea nani wivu, kama si mtu aliyepata bila kutafuta kile nilichokitafuta mimi nikakosa? Na kila akiulizwa mtindo ule aliutoa wapi, alikuwa anacheka tu na kusema, "Hii ni ya kwetu nyumbani." Nyumbani! Basi nikaamua kwenda huko nyumbani kwao nikaone kuna nini.

Nilichagua siku ya shule, Ombati akiwa darasani na wanafunzi wake. Nilishuka Nyaramba sokoni, nikaelekezwa, nikashika njia ya mgongo wa kilima, chai huku na huku. Unaijua mvua ya kwetu. Asubuhi jua, mchana wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, na likifika juu yako hakuna kubembelezana. Siku hiyo lilikuja jeusi tititi. Mchana ukawa kama magharibi. Halafu mawe yakaanza kushuka, makubwa, yakichana majani ya migomba, nami nikakimbia nimefunika kichwa kwa mikono mpaka nikaona nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi ndani ya migomba.

Nilijibanza chini ya upenu. Kisha nikauona ukuta.

Niamini, nilisahau mvua. Ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, ulikuwa umekandikwa kwa vidole, mikunjo juu ya mikunjo, nusu duara juu ya nusu duara, udongo mwekundu, majivu, udongo mweupe. Ilikuwa kazi ya Ombati! Na haikuwa ya Ombati hata kidogo, ilikuwa ya mwanamke fulani aliyekandika nyumba yake kama wanawake wote wa kwetu wanavyokandika. Unajua furaha niliyoipata? Nilitaka kucheka kwa sauti. Mwizi! Kumbe na yeye kaiba!

Hapo ndipo nilipoona kwamba siko peke yangu. Mwisho wa ukuta, nje kabisa ya upenu, alikuwa amesimama bibi kizee akikandika. Mawe yalikuwa yanamwangukia mgongoni na hajali. Udongo aliokuwa akiupaka haukuoshwa na mvua. Ulikuwa unakauka pale pale chini ya vidole vyake, upesi kama zile rangi za tyubu.

Hakugeuka. Aliongea Kikisii cha zamani, kile cha wazee, akasema:

"Ombati, ni wewe?"

Wewe ungejibu nini? Rahisi kusema ukiwa umekaa mahali pakavu. Mimi nilikuwa nimelowa, natetemeka, na mbele yangu kulikuwa na ukuta ule. Nikafikiri, Ombati amepewa kila kitu, jina lake hata likikaa kwangu dakika moja atapungukiwa nini?

"Ni mimi, magokoro," nikasema, kama mjukuu anavyomwita bibi yake.

"Umekawia. Lete mkono."

Nikampa. Mkono wake ulikuwa baridi, baridi ya udongo wa mtoni. Aliuzamisha mkono wangu kwenye karai la udongo lililokuwa miguuni pake, akauweka ukutani, akaanza kuuvuta. Nilijaribu kuongoza kidogo, si mimi ni fundi wa mabango?

"Usiongoze," akasema. "Fuata."

Nikafuata. Nilihisi kitu kikipanda kutoka vidoleni hadi begani, mkunjo baada ya mkunjo, na kila mkunjo ulinijia bila kufikiri. Sijawahi kusikia raha kama ile maishani, na sidanganyi, nililia. Kisha akausimamisha mkono wangu.

"Na ule mwingine?"

"Mwingine upi, magokoro?"

"Mkono uliokuja nao. Ule wa kujaribujaribu. Huwezi kutoka hapa na miwili."

Nikaufikiria mkono wangu. Nikakumbuka visu, vitone, mistari, endelea, endelea. Nikamwona mzee yule na kiatu chake.

"Baki nao," nikamwambia. "Kwangu hauna kazi."

Ndipo akageuka. Nitakwambia nilichokiona, na usinilazimishe kurudia. Hakuwa na uso. Pale penye uso palikuwa pamekandikwa, laini, pana mikunjo ya vidole kama ukuta, na udongo ulikuwa bado mbichi.

Nilikimbia. Sikumbuki migomba wala chai. Nilijikuta kwenye boma la karibu nikigonga mlango, na aliyefungua alikuwa mama yake Ombati mwenyewe, maana nyumba ile ilikuwa nyuma ya boma lao. Alinipa taulo, akanipa uji moto, akaniacha nipumue. Mvua ilipokatika nikamweleza, nikasema nimetoka kwa bibi anayekandika huko kwenye migomba.

Mama huyo alinitazama. Akajifunga leso, akanichukua hadi pale. Hapakuwa na nyumba. Kulikuwa na nguzo zilizooza, kichuguu cha udongo, na migomba imeota mahali palipokuwa na jiko. Bibi yule alikuwa mama mkwe wake, akasema, aliyemlea Ombati na kumfundisha kukandika akiwa bado mdogo, ingawa watu walicheka kwamba mtoto wa kiume anafanya kazi ya wanawake. Bibi huyo alikufa wakati Ombati yuko bado shule ya msingi. Na kwetu nyumba ya kikongwe aliyekufa haikandikwi tena. Inaachiwa mvua mpaka iishe yenyewe.

Halafu akautazama mkono wangu. Ulikuwa na udongo mkavu hadi kwenye kiwiko.

"Alikuita?" akaniuliza.

"Aliita."

"Aliita jina la nani?"

Nikauficha mkono nyuma ya mgongo.

"Na wewe ukaitika?" Akashika kichwa. "Sasa wewe, mwanangu, umefanya nini? Mtu akiita mjukuu wake, wewe unaitika kama nani? Hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kumwitikia mwenzake mwalimu akiita majina!"

Nilirudi mjini nikanawa. Udongo ulitoka kwa maji ya kawaida, bila shida. Kesho yake nikatandika kitambaa cha amerikani kwenye fremu, nikaminya tyubu, nikachovya vidole. Ndugu yangu, ilikuja! Ilikuja kama maji kwenye mfereji. Vilima, migomba, wanawake njiani, kila kitu kilikaa mahali pake. Nikaandika jina langu chini kwa herufi zangu zilizonyooka, nikaiweka nje ya kibanda changu.

Watu walisimama. Walipita, wakarudi. Mmoja akaniita, akauliza kwa adabu, "Hii kazi ya Ombati unauza wewe?"

Nikamwonyesha jina langu. Akalisoma. Akacheka, "Mbona Ombati ameandika jina lako?"

Nilifikiri ni mjinga mmoja. Hapana. Walikuwa wote. Yule mwalimu Mzungu alivua miwani mbele ya picha yangu, akanishika bega, akasema nimfikishie Ombati pongezi zake. Hata mabango yaliharibika. Nikiandika "Bucha" herufi zinajikunja zenyewe, na mwenye bucha anamshukuru Ombati kwa kumfanyia bango zuri hivyo. Nilijaribu kurudi kwa kisu, kwa vitone, kwa maji. Kila nilichoshika kilitoka vilevile. Ule mkono wangu wa kujaribujaribu niliuacha kule kwenye migomba, na siku hizi naukumbuka kama mtu anavyomkumbuka mbwa wake mbaya aliyekufa. Ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa wangu.

Ombati mwenyewe nilimpelekea picha nzuri kuliko zote. Nilikwenda nimejiandaa kupigana. Nilitaka aniite mwizi. Aliitazama muda mrefu, akakuna kidevu, akauliza, "Hii niliichora lini?"

"Hukuichora. Nimeichora mimi."

"Nimesahau kabisa," akasema, na akatabasamu kwa upole wake ule. "Asante kwa kunitunzia."

Laiti angeniita mwizi. Mwizi angalau anajulikana.

Nikaoa. Nikasema, basi, nitamchora mke wangu, Kemunto, yeye atanijua. Nilimkalisha kwenye kiti uani, mbele yangu, macho yake kwenye macho yangu, tangu asubuhi hadi wingu lilipopanda. Aliniona nikichovya vidole. Rangi ilinirukia shatini akaipangusa yeye mwenyewe. Nilipomaliza nikamgeuzia. Akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamtoka.

"Ombati ananijua hivi?" akasema.

"Kemunto, mimi ndiye niliyekuchora. Umekaa hapa siku nzima unanitazama."

Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgonjwa. "Ndiyo," akasema. "Najua ulimsaidia kuchanganya rangi."

Basi nakuomba, wewe unayesoma. Labda unachora, labda unaimba, labda unashona nguo, na kuna mwenzako anayekushinda, na usiku hulali. Usilale, si neno. Lakini ikitokea siku moja umeitwa kwa jina lake, hata kama unapigwa na mawe, hata kama mlango uko wazi na ndani kuna joto, sema si mimi. Ondoka ukiwa umelowa, na mkono wako mbaya.

Mimi niliitika. Kila Ijumaa jioni, kabla Sabato haijaingia, Kemunto huiteremsha ukutani picha yake ile anayoiita ya Ombati na kuipangusa vumbi kwa kitambaa laini, polepole, akianzia usoni. Mimi huwa nimekaa hapo kwenye kiti, namtazama.