Nilimbishia mzee wa kanisa kuhusu pembe nne za dunia, akaniuliza swali moja

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hii sikusimuliwa na mtu, yalinipata mwenyewe, na nitaisema ilivyo hata pale ninapoonekana mbaya.

Mimi ni fundi wa dish za TV hapa mtaani Kawangware 46. Kanisa letu liko Gatina, dogo tu, la mabati. Jumapili mchana tunakutana nyumbani kwa mshirika mmoja kusoma Biblia.

Msomaji wetu ni Mzee Nzioka, mtu wa Machakos. Alijifunza kusoma uzeeni, darasa la ngumbaru, akisukumwa na marehemu mkewe, Mama Mwende. Anasoma kwa kidole, neno kwa neno, na hakuna anayemharakisha.

Siku hiyo alifika kwenye Ufunuo, pale malaika wamesimama katika pembe nne za nchi. Akainua kichwa.

"Kitu iko na pembe haiwezi kuwa mpira. Dunia ni flat."

Mimi na mdomo wangu.

"Mzee, ile dish yako si ni mimi nilifunga? Signal inatoka kwa satellite, na satellite inazunguka dunia. Sasa dunia ikiwa chapati, inazunguka nini? Hizo pembe ni lugha tu."

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Siwafichi, nilijiona bingwa.

(Na msinianzie na Isaya, pale anasema Mungu ameketi juu ya duara ya dunia. Hata chapati ni duara.)

Jumapili tatu mzee hakuonekana. Nikasikia yuko mtaa wa Olympic kwa binti yake, Mwende, nikaenda. Nilimkuta amekaa, Biblia iko juu ya kabati. Nikamwomba msamaha kwa kumfanya achekwe mbele ya watu.

Akasema hana kinyongo.

"Lakini niambie, kijana. Pembe nne umesema ni lugha tu. Na pale imeandikwa wafu watafufuka? Hiyo pia ni lugha? Kwa sababu mimi nangoja Mama Mwende."

Nilimwambia hiyo naamini ni kweli. Lakini nilikawia kujibu, na aliona nimekawia. Iliniuma sana.

Funzo nililopata: dunia ni mviringo kama mpira, hapo sibanduki. Ila siku hizi mtu aking'ang'ania mstari, namuuliza kwanza kwa nini anauhitaji.

Wanaojua maandiko humu ndani, mngemjibu aje? Andikeni hapo chini. Jumapili narudi Olympic, na sitaki kwenda mikono mitupu.