Kuku Ameatamia Kwenye Gari la Mashindano la Babu

Jamani, leo kuku kamtoa jasho mtaalamu wa magari!

Mgeni huyo katoka Dar mpaka kwetu Kongwa kuliona gari la mashindano alilolibuni babu kwa mabaki ya matrekta ya mradi wa karanga wa wakoloni. Kachoka na magari ya mitumba ya Japani yaliyojaa mjini.

Kalipapasa, machozi yanamlengalenga.

"Shikamoo mzee. Naomba nifungue boneti nione injini."

"Marahaba. Hapana."

"Kwa nini?"

"Kuku ameatamia humo. Ukimgusa atayasusa mayai. Rudi wiki ijayo."

Mgeni kaomba chumba, atasubiri vifaranga!

Gari ambalo babu aliwaacha nalo wazungu kwenye vumbi la mashindano enzi zake, leo limesimamishwa na kuku.

Tena msimwambie mgeni: ili wageni wasimchokonolee babu injini, huyo kuku nilimweka humo mimi.