Migongo Yetu Kwenye Taulo

Safari hii ya Guangzhou niliifunga kwa hasira, si kwa biashara. Robota la taulo nilizoagiza kwa duka langu la Darajani lilifunguliwa mbele ya wateja, na juu ya taulo walikuwepo wanawake wawili uchi, wametupa mgongo, wanaruka ufukweni chini ya mwezi mpevu. Mmoja mimi. Wa pili shoga yangu Rehema. Tulijipiga picha wenyewe kule Bwejuu, watu wazima tuliovuka arobaini, kwa kucheka tu, na niliapa picha ile haitatoka kwenye simu yangu. Mume wa Rehema alilitambua kovu la begani kwa mkewe. Tangu siku ile hamsemeshi. Na mzigo wa pili ulikuwa bado kiwandani.

Uwanja wa ndege wa Baiyun nilitua asubuhi. Nikapanda metro hadi Xiaobei, nikaingia jengo la Tianxiu kwa wakala wangu Suleimani, Mpemba anayenitafsiria kila mwaka.

"Nani kaniibia picha yangu?"

"Dada Mwanaidi, anza na salamu. Na huko usipayuke. Laoban, bosi wa kiwanda, akikasirika atasema meiyou, hakuna mzigo, hakuna lolote."

"Akasirike yeye? Nani yuko uchi hapa, bosi wako au mimi?"

Saa nane mchana tulifika kiwandani. Migongo yetu ilipangwa hadi darini. Nikapayuka. Laoban, mama wa makamo mwenye ndara, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua WeChat na kunionyesha ujumbe wangu mwenyewe. Sisi wenye maduka hatuchori mitindo. Tunatuma furushi la picha, tunaandika "chapa hizi". Baina ya maua na pundamilia, tulikuwa sisi tunaruka.

"Anasema ulituma wewe," Suleimani alisema taratibu. "Na anauliza, kwani haziuziki?"

Hasira ilibaki, ila haikuwa na pa kwenda. Nikaamuru zikatwe zote matambara ya kupigia deki, nikasimama pale hadi la mwisho.

Unguja nilirudi siku ya tatu, nikaenda moja kwa moja kwa Rehema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hata nguo sikuwa nayo.

"Umempata mwizi?" aliniuliza mlangoni.

"Nimempata."

"Ana sura gani, mshenzi huyo?"

Nikavua miwani, nikakaa mbele yake.

"Mtazame vizuri. Kisha niitie mumeo, nimwambie mwenyewe."