Daftari la Mama Mita

Kila asubuhi, kabla ya kugonga geti la kwanza, Mama Mita alilowesha ncha ya penseli ulimini. Penseli yenyewe hakuihitaji. Ulikuwa mwaka wa nne tangu idara ya maji iwape wasoma mita wote simu za kazi, na tarakimu ziliingizwa humo kwa kidole. Lakini kidole, alisema, hakina kumbukumbu. Kwa hiyo simu ikishapata tarakimu zake, yeye alitoa mfukoni daftari dogo lenye jalada jeusi na kuandika yale ambayo simu haikuyauliza.

Yalikuwa mambo ya njiani. Kwamba mita ya nyumba ya kona iko nyuma ya tangi. Kwamba mbwa wa fundi cherehani anaitwa Waziri, na ukimwita kwa jina anaacha kubweka na kutaka kukunwa shingo. Kwamba fundi mwenyewe huenda sokoni kununua vitambaa kila Ijumaa. Kwamba mwalimu wa geti la kijani harudi mpaka saa nane mchana, na ufunguo anauacha chini ya ndoo iliyopinduliwa. Kwamba bibi wa nyumba ya mwisho hasikii, hivyo usipoteze muda kugonga, zunguka jikoni, mlango wa nyuma haufungwi.

Nyumba mia mbili na kumi na mbili, kwa miaka kumi na tisa. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Hakuna msoma mita aliyemaliza mtaa wake mapema kama yeye, na msimamizi wake alimsifu kwa hilo mbele ya wenzake. Msimamizi huyohuyo alikuwa amesema, si mara moja, kwamba ni marufuku mtu kuweka kumbukumbu zake binafsi kuhusu nyumba za wateja. Mama Mita aliitikia kwa kichwa pamoja na wengine. Daftari likabaki mfukoni.

Jumanne moja waliitwa ofisini wote, kufundishwa jambo jipya kwenye zile simu. Siku hiyo hakuwa na geti la kugonga, kwa hiyo aliutundika mfuko wake wa kazi kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akaenda na simu tu. Alirudi saa tisa alasiri, na njia panda akakutana na mpwa wake, binti wa kaka yake, aliyekuwa akisoma chuo na kukaa kwake. Walikuja wakicheka. Mpwa ndiye aliyesimama kwanza.

"Shangazi, mlango wa jikoni uko wazi."

"Umeuacha wewe."

"Mimi nimetoka kabla yako."

Mama Mita alimvuta msichana nyuma yake, akaita kwa sauti, "Nani humo?" Hakujibiwa. Akaokota jiwe, ingawa baadaye hakukumbuka kuliokota, akaingia.

Pazia la dirisha lilikuwa ndani ya sinki. Grili nzima ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa nje, kwa adabu, kama mwavuli wa mgeni. Radio haikuwepo. Pasi haikuwepo. Mtungi wa gesi ulikuwa umekatwa mpira na kuondoka, na blanketi jipya, lile ambalo lilikuwa halijatolewa hata kwenye nailoni yake, nalo limekwenda. Majirani walijaa uani. Hakuna aliyeona kitu, na kila mmoja alieleza kwa kirefu jinsi ambavyo hakuona.

Mama Mita hakuwasikiliza. Alikuwa ameusukuma mlango wa jikoni kutazama nyuma yake. Msumari ulikuwa mtupu.

Kituoni, afande aliandika polepole. Radio, rangi gani? Pasi, ya aina gani? Mtungi, mkubwa au mdogo?

"Na mfuko wa kitambaa," alisema Mama Mita. "Wa kazini."

"Ndani yake kulikuwa na nini?"

Alihisi macho ya mpwa wake shavuni. Alifikiria ofisi, miaka yake kumi na tisa, na ile mitano iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Kizibao cha kazi. Na karatasi."

Afande akaandika: karatasi.

Tangu hapo alijituliza kwa hoja. Mwizi alihitaji kitu cha kubebea pasi. Akifika kwake atamwaga vilivyomo, daftari ataliwashia moto. Nani asome mwandiko wa mtu mzima asiye na miwani? Hoja zilikuwa nzuri, lakini hazikumwingia. Alikula matonge mawili akasukuma sahani.

Asubuhi ya Jumatano aliomba ruhusa ya nusu siku, akamwita fundi wa kuchomelea, jamaa mmoja mwembamba ambaye watu walimwita Cheche. Cheche aliishika grili iliyong'olewa, akaigeuza huku na huku, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama, nani alikufungia hii?"

"Sijui. Niliikuta."

"Skrubu zote zimekaa nje. Mwizi hakuvunja kitu hapa. Kaja na bisibisi, kafungua moja moja, pengine huku anapiga mluzi. Hii ilikuwa pambo."

"Basi ifunge isiwe pambo."

"Natoboa ukuta, napitisha bolti, nati zinakaa ndani, halafu nazichomelea. Akitaka kuitoa aje na nyumba nzima." Alipima ukuta kwa kiganja. "Na mlango huu nakuwekea komeo juu na chini. Kitasa peke yake ni cha kumzuia mtoto."

Alianza kutoboa. Mama Mita alisimama karibu, mikono kifuani, akitazama vumbi la saruji likimwagika.

"Ila nikwambie kitu," Cheche alisema, akipuliza tundu. "Wa kwako huyu alibahatisha. Ndiyo maana kaondoka na blanketi. Mwizi mwenyewe, yule wa kazi, habahatishi. Anataka kujua mambo mawili tu: nani yupo saa ngapi, na ufunguo unakaa wapi. Akiyapata hayo, mimi na bolti zangu tukalale."

Mama Mita alishusha mikono. "Na akiyapata yameandikwa?"

Cheche alicheka. "Nani mwendawazimu wa kuyaandika?"

Mama Mita alimwambia mpwa wake abaki na fundi, akajitanda kanga, akatoka karibu akikimbia.

Alianza na bibi wa nyumba ya mwisho. Alizunguka jikoni kama alivyozoea, akausukuma mlango, na mlango ukafunguka bila hata kulalamika. Bibi alikuwa akipepeta mchele, mgongo wake umeelekea mlangoni. Mama Mita alisimama pale muda, akiutazama mgongo ule mdogo. Angeweza kuwa mtu yeyote. Bibi asingejua mpaka mkono umguse bega.

Alipoelezwa, bibi hakukasirika. Alichokataa ni komeo.

"Ukiweka komeo, wewe utaingilia wapi?" aliuliza, kwa sauti ya juu ya watu wasiojisikia.

"Nitagonga dirishani, bibi. Utaniona."

"Nikiwa nimekupa mgongo?"

"Nitangoja mpaka ugeuke."

Mchana uleule Cheche alilifunga komeo. Bibi alilisukuma na kulivuta mara nyingi, kama mtu aliyepewa saa.

Kwa mwalimu mambo yalikuwa mengine. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, mkono kwenye geti lake la kijani, bila kumkaribisha ndani.

"Uliandika," alisema. "Ndoo yangu uliiandika."

"Nisamehe, mwalimu. Nilikuwa nasahau."

"Mimi nilikuambia wewe. Sikuliambia daftari."

"Najua. Uondoe ufunguo leo. Ila nakuomba, tafadhali, lisifike ofisini."

Mwalimu alimtazama kwa namna ambayo pengine aliwatazama wanafunzi wanaonakiliana, akafunga geti.

Hilo ndilo aliloliomba kila mahali: lisifike ofisini. Alikuwa amekaa chini akihesabu kichwani nyumba zenye maneno mabaya, zile za funguo na saa na upweke, akapata arobaini na moja. Akajipangia kwenda moja moja, kimyakimya, huku akisoma mita kama kawaida. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini yeye alidhani anaweza kuzaa huku amejifunika nusu. Hadi Alhamisi adhuhuri alikuwa amefika nyumba tisa. Katika hizo, wawili walimtukana, mmoja alimpa maji ya kunywa, na mwingine alisema anahama mwisho wa mwezi, mwizi na aje amsaidie kufunga mizigo.

Ya kumi ilikuwa ya fundi cherehani. Waziri alikuja getini mkia ukitikisika. Fundi mwenyewe alikuwa kibarazani, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Alizitoa ili aongee.

"Mama Mita, karibu. Mbona mwaja kwa zamu siku hizi?"

"Zamu gani?"

"Mwenzako si alipita jana jioni. Kijana mmoja mpole, kavaa kizibao chenu. Mimi nilitaka kumzuia, lakini akamwita Waziri kwa jina, na huyu mjinga akalala chali. Nikasema basi, huyu kaelekezwa na Mama Mita."

Mama Mita alisogea hadi kibarazani.

"Akataka nini?"

"Mita. Nikamwonyesha, akaitazama tu, hata simu hakutoa. Akaniuliza kama bado naenda sokoni Ijumaa." Hapo fundi aliuona uso wa mgeni wake. "Kwani vipi, mama?"

Ijumaa ilikuwa kesho.

Alimwambia kwa maneno machache, akimtaka asitoke kesho na asimfungulie mtu. Kisha akasimama njiani, jua la utosi, akapiga hesabu. Nyumba thelathini na moja zilibaki. Watu wa nusu ya hizo wako kazini mpaka jioni, ndiyo maana waliandikwa. Kwa miguu hazifikiki. Ilikuwapo njia moja, na alikuwa ameijua tangu Jumanne.

Kiongozi wa mtaa alikuwa dukani kwake akipanga sabuni. Yeye ndiye aliyeendesha kundi la mtaa kwenye simu, lile la matangazo ya misiba, mbuzi waliopotea na maji kukatika. Shemeji wa msimamizi alikuwamo. Makarani wawili wa idara walikuwamo.

"Unajua nikishaituma hairudi," kiongozi alisema, akiwa amekwisha kusikia yote. "Ofisini itafika kabla hujavaa viatu."

"Nishikie simu. Nitasema kwa sauti."

Alisema hivi, na watu wa mtaa ule walilisikiliza tangazo hilo mara nyingi baadaye: "Ndugu zangu, ni mimi, Mama Mita. Nimeibiwa mfuko. Ndani kulikuwa na daftari nililoandika mambo ya nyumba zenu, ufunguo unawekwa wapi, nani hayupo saa ngapi, mbwa anaitwaje. Nilikatazwa kuliandika, nikaliandika. Yupo mtu anapita na kizibao changu, na daftari analisoma. Ondoeni funguo zenu mahali zilipo, sasa hivi. Mtu akija akisema mita, msimfungulie, hata akijua jina la mbwa. Mnisamehe."

Majibu yalimiminika. Wengine walimlaani na ukoo wake. Wengine walishukuru. Mmoja aliuliza, "Kwangu uliandika nini?" na Mama Mita akamjibu kwamba aliandika mita imezungukwa na miba. "Hayo tu?" akauliza yule mtu, kama aliyenyimwa kitu.

Kabla hajafika nyumbani, msimamizi alipiga.

"Kesho usiende mitaani. Njoo ofisini, uje na simu ya kazi." Akakata.

Ijumaa aliwekwa kwenye benchi la korido tangu saa mbili asubuhi. Simu ya kazi ilikuwa imechukuliwa; yake mwenyewe aliishika kwa mikono miwili. Saa nne ikapita, saa ambayo fundi cherehani huwa sokoni. Saa tano. Kila mlango ulipofunguka alisimama, na haukuwa wake. Alijikuta akiyarudia majina ya nyumba kwa mpangilio wa njia, kama mtu anayewahesabu watoto baada ya moto, akijiuliza ni nani asiye na simu, ni nani asiyesikiliza matangazo.

Saa nane na dakika chache simu yake ililia. Ilikuwa namba ya mwalimu.

"Nimerudi sasa hivi," mwalimu alisema. Pumzi yake ilisikika. "Ndoo imesimama wima."

"Wewe uliiachaje?"

"Niliipindua kama siku zote. Imeinuliwa."

"Na geti?"

"Limefungwa. Ufunguo ninao, nimeuvaa shingoni." Mama Mita alisikia mlango ukijaribiwa. "Nyumba ni nzima," mwalimu alisema, na ndipo akakata.

Walipomwita ndani walikuwa watatu nyuma ya meza. Msimamizi hakumtazama.

"Tulikukataza?"

"Mlinikataza."

"Polisi uliwaambia?"

"Niliwaficha. Jana nilirudi nikawaambia."

Walimsimamisha kazi miezi mitatu. Mtaa wake atapewa mwingine, na kama atarudi, hakuna aliyejua atarudi wapi. Msimamizi alimsukumia karatasi ya kutia sahihi, na alipokwisha kutia, akasema kwa sauti ndogo, akitazama dirisha, kwamba mama yake mzazi anakaa katika mtaa ule, nyumba ya mwisho, na hasikii vizuri. Mama Mita alimwambia komeo linafanya kazi.

Mwizi hakukamatwa. Daftari halikuonekana tena, na mtaa mzima ukabadilisha mahali pa kuficha kila kitu, hata wale ambao hawakuwa wameandikwa.

Nyumbani, grili ilikuwa imekazwa, nati zimechomelewa, makomeo mawili yanang'aa. Mpwa wake alikuwa akimenya viazi. Alikuwa hajamuuliza neno tangu Jumanne, si kituoni, si baada ya lile tangazo, ingawa aliyajua yote. Sasa aliweka kisu chini.

"Shangazi, wakikurudisha, utanunua daftari lingine?"

Mama Mita alivua viatu, kimoja baada ya kingine.

"Hapana," alisema. "Nisipomkuta mtu, nitarudi kesho."