Mzee Aliyeomba Kazi Idara ya Kemia

Saa sita na dakika kumi za mchana, jua likiwa utosini, ndipo mzee yule alipoingia kwenye ujia wa Idara ya Kemia. Naitaja saa kwa sababu wapo watakaosema niliota. Sikulala. Nilikaa kwenye benchi, saa ya ukutani ikiwa mbele yangu, na kazi yangu ni kutengeneza mizani za maduka na za mashamba ya mkonge. Kutazama kitu kwa makini ndiko kunakonilisha. Ukitaka kuniamini, niamini. Usipotaka, soma tu, ili siku likikufika ujue la kufanya.

Nilikuwa nimemsindikiza Zuhura, binti wa dada yangu, mwenye miaka ishirini na sita. Kemia ya kwanza nilimfundisha mimi, kwa vitabu nilivyookota sokoni Tanga, tukitia ndimu na majivu kwenye maji ya rozela tuone rangi inavyogeuka. Baadaye alinipita mbali. Alirudi na shahada ya daraja la kwanza, akawa anajitolea kufundisha sekondari huku akisubiri ajira. Sasa chuo kilitangaza nafasi moja ya mkufunzi msaidizi, na nyumba yetu nzima ilikuwa inaomba dua kwa ajili ya nafasi hiyo.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa idara, pale wanapoweka habari zao: semina ya mwani, ufadhili wa shahada ya uzamili, pongezi kwa mwanafunzi aliyeshinda tuzo. Chini kabisa ilikuwepo ile kazi, na sharti la mwisho lilisema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano.

Mzee alisimama mbele ya ubao akalifuata sharti hilo kwa kidole. Umri wake? Sijui nikutajie miaka mingapi. Ngozi ya mikono yake ilikuwa kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Lakini alivaa shati jeupe la kupigwa pasi, na kwapani alibana bahasha ya kaki, kama waombaji wengine. Mkono wa pili ulitetemeka juu ya mkongojo. Akanigeukia.

"Shikamoo," akaniambia.

Nani aliyelelewa pwani ataitikia shikamoo ya mtu wa rika la babu yake?

"Astaghfirullah, mzee wangu," nikasema. "Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Hakuitikia. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake, akasogea benchi la pili, walipokaa vijana wawili waliokuja kwenye usaili uleule.

"Shikamooni."

"Marahaba, mjukuu wangu!" alidakia mmoja, Hoza, kijana wa Maramba. "Shule mmefunga lini?"

Mwenzake alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Babu, pensheni wanalipia benki. Hapa wanataka damu changa."

"Najua," mzee akasema. "Ndiyo niliyoifuata."

Wakazidi kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa natazama mkongojo. Alikuja ameuegemea kwa uzito wote. Sasa aliubeba kwapani pamoja na bahasha, na mgongo wake umenyooka. Nikamtazama Hoza. Juu ya sikio lake palikuwa na kiraka cha mvi, kama mtu kampaka unga, naye bado anacheka.

Zuhura alikuwa mwisho wa ujia, karibu na mlango wa usaili, kichwa kimezama kwenye karatasi zake. Sasa nielewe hapa. Mwalimu wa sekondari huamkiwa tangu getini mpaka ofisini. Huitikia akisahihisha madaftari, huitikia akinywa chai. Hatazami tena ni nani. Mdomo unaitikia wenyewe. Na mzee alishamfikia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Shikamoo."

"Marahaba, marahaba."

Nilishainuka. "Zuhura! Usiitikie!"

Akanyanyua kichwa. "Kuna nini, mjomba?"

Sauti ile ilikuwa ya marehemu mama yangu, ya mwaka wake wa mwisho. Uso sitauelezea. Nitasema tu kwamba kalamu ilimdondoka, na hakuweza kuinama kuiokota. Kijana mmoja mzuri wa shati jeupe aliinama kwa wepesi, akampa. "Shika, bibi." Kijana huyo ndiye aliyekuwa mzee.

Mlango ukafunguliwa, katibu akaita jina la Zuhura. Zuhura mwenyewe hakuwa amejua alivyogeuka. Alidhani ni kizunguzungu cha hofu, akajikongoja akishika ukuta, akaingia. Nilisimama mlangoni nikasikia kila neno.

"Mama, usaili ni wa vijana. Mwanao yuko wapi?"

"Mimi ndiye Zuhura."

Wakacheka. Kisha mwenyekiti akasema, "Mama, kutumia cheti cha mtu mwingine ni kosa la jinai."

Zuhura, maskini, akaanza kuwaeleza utafiti wake wa mwani, hatua kwa hatua, bila kukosea hata kipimo kimoja.

"Bibi kakaririshwa vizuri," mtu mmoja akasema, wakacheka tena, wakamwita mlinzi.

Yule kijana aliingia baada yake. Aliponipita aliniwekea mkongojo mkononi. "Mpe, mjomba. Kuna ngazi huko nje." Na kweli, bila mkongojo ule Zuhura asingezishuka.

Kazi alipewa kijana yule. Idara iliweka picha yake mtandaoni na maneno ya kumkaribisha. Hoza alirudi Maramba na kiraka chake cha mvi. Aliitikia mara moja tu.

Sisi tunaishi Tongoni. Dada yangu anamshika mwanawe mkono kumpeleka msalani, na wageni wanamuuliza dada, "Mama yako ana miaka mingapi?" Shehe amesoma, mganga kutoka Amani amechukua mbuzi. Wote wawili wamesema jambo moja: miaka ukishaiitikia hairudi ilikotoka. Inaweza tu kupelekwa mbele, kwa njia ileile.

Zuhura aliyasikia hayo. Juzi nilimkuta dirishani, watoto wanatoka madrasa, mdomo wake umeshafunguka. Nikafunga dirisha.

Kwa hiyo ukiamkiwa, inua macho kwanza. Na ukipita Tongoni, bibi akikuamkia kutoka dirishani, hata kama sauti yake inatia huruma, pita. Nakuambia hivi nami ni mjomba wake.

Mwezi uliopita macho yake yaliziba kwa mtoto wa jicho, tukampeleka hospitali. Wazee wanatibiwa bure kuanzia miaka sitini. Karani alichukua kitambulisho, akamwekesha kidole kwenye mashine, alama zikakubali. Akamtazama, akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama tena.

"Mashine inasema ishirini na sita," akasema. "Mimi nafuata mashine. Dada huyu atalipia kama wengine."

Tukalipa shilingi laki nne na elfu arobaini.