Kidirisha cha Mama Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa nguo aliyoishona, pindo lake halikufumuka hata ungeruka nayo ukuta. Lakini asubuhi hiyo, mbele ya kompyuta ya shemeji yake, moyo ulimdunda kama cherehani isiyotiwa mafuta.

Chuo cha ushonaji kilitafuta mwalimu wa wanafunzi wanaosomea majumbani. Wakiridhika na somo hili moja la majaribio, kazi ni yake, tena ataifanyia hapo hapo sebuleni, mwanawe akitambaa karibu. Wasiporidhika, atarudi kiwandani, na kila alfajiri atakuwa anabandua vidole vya mtoto kwenye kanga yake mlangoni.

Shemeji alikuwa amempangia kila kitu. Mchoro wa kola ulijaa kioo kizima, na juu yake kikaelea kidirisha cha duara chenye sura ya Mama Pindo.

"Ukikivuta, shemeji, kinakwenda utakako," alimwambia kabla ya kuondoka. "Na kaa ukitazama mwanga."

Mama Pindo akaketi kulielekea dirisha la mbao. Nyuma yake mama mkwe alikuwa na mjukuu mgongoni, amekatazwa hata kukohoa.

"Haya, kola inaanza kupinda hapa," Mama Pindo alisema.

"Hapa wapi, mwalimu?" mwanafunzi mmoja akauliza kutoka kwenye kompyuta. "Sisi tunaona shavu lako tu!"

"Dirisha limeziba mchoro!" mwingine akadakia. "Mwalimu, funga dirisha!"

Mama mkwe hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliinuka, akalivuta dirisha la mbao, paa! Chumba giza totoro.

"Jamani, mwalimu kazimika!"

"Mama, si hilo!" Mama Pindo alinong'ona, jasho likimtiririka.

"Si wamesema lifungwe? Kwani humu tuna madirisha mangapi, mwanangu?"

Wanafunzi walicheka hadi wakakosa pumzi. Mkuu wa chuo, aliyekuwa akilifuatilia somo kutoka ofisini kwake, alisikika akisafisha koo. Basi tena, Mama Pindo alijiambia, kiwanda kinaniita.

Mama mkwe akalifungua dirisha kwa pupa. Upepo nao ukaingia, ukaipeperusha kola ya karatasi iliyokuwa mezani. Mama Pindo akairukia, kiwiko kikaigonga kamera ndogo iliyobanwa juu ya kompyuta, nayo ikainamisha kichwa. Ndani ya kidirisha sura ikatoweka. Ikabaki mikono miwili imeshika karatasi.

Akanyoosha mkono kuiinua.

"Usiiguse, mwalimu! Iache hivyo hivyo!" wanafunzi wakapaza sauti. "Sasa tunaiona mikono!"

Alijitazama mikono. Kisha akakivuta kidirisha taratibu mpaka pembeni, mahali pasipo na mchoro, akaanza kukunja. Mstari upo kwenye mchoro, kidole kipo kando yake. Akikunja, wanakunja. Akigeuza, karatasi zao nazo zinachakarika. Hofu ilimtoka asijue imepitia mlango gani, akajikuta anawatania, "Wewe ninayekusikia ukipiga miayo, kola yako itamfaa mbuzi!"

Somo lilipokwisha, mkuu wa chuo akasema, "Fundi, Jumatatu uanze. Mikono hiyo hiyo, sura ije siku ya mahafali. Ila nina swali: huyo msaidizi wako wa madirisha naye tumwajiri?"

Mama mkwe akajibu kwa sauti kutoka nyuma, "Niajirini wa kufungua tu, baba! Kufunga nimeacha!"